Hita ya gesi inasumbua: soma dalili, kisha kagua chumba kabla ya hita

Kama unasoma haya huku kichwa kinakugonga na hita inawaka pembeni yako, acha kusoma. Izime, watoe watu wote nje pamoja na aliyelala, acheni milango wazi mnapopita, na simu ya dharura ipigwe mkiwa nje. Kama unasikia harufu ya gesi mbichi, usiwashe taa wala usiizime, maana cheche ya swichi inatosha. Funga koki ya mtungi ikiwa unaifikia bila kupita kwenye harufu kali, fungua milango na madirisha, kisha toka. Mengine yote hapa chini yanaweza kusubiri.

Sasa tuendelee na mwenye nafasi ya kukaa na kusoma.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza hita za gesi, na mara nyingi naitwa kwa maneno yale yale: "Fundi, hita imeharibika." Nafika, nafungua mfuniko, nakuta kifaa hakina kosa lolote. Kosa liko chumbani: tambara limesokomezwa chini ya mlango, tundu la hewa limezibwa kwa selotepu, kochi limesogezwa mpaka linaota moto pamoja na watu. Hita imefanya kile ilichoundwa kufanya, yaani kulalamika. Kwa hiyo nitakwenda dalili kwa dalili, lakini utaona nyingi zinarudi pale pale, kwenye hewa na nafasi.

## Jua kwanza moshi wako unaenda wapi

Hita za nyumbani zina sura nyingi, ila swali linalozitenganisha ni moja: moshi wake unaenda wapi? Ninaposema moshi simaanishi ule mweusi tu. Namaanisha hewa iliyokwisha kutumiwa na moto, ambayo mara nyingi huioni kabisa.

Aina ya kwanza haina bomba. Humo zimo zile za kabati zenye magurudumu, mtungi ukiwa umefichwa mgongoni, na baadhi ya zile za ukutani. Zinachukua hewa chumbani na kurudisha moshi humo humo. Aina ya pili inachukua hewa chumbani, lakini moshi unapanda kwa bomba hadi nje. Ya tatu imefungwa pande zote: inavuta hewa ya nje, inatoa moshi nje, na moto wake umetengwa na chumba kwa kioo au sanduku. Mtu akiniuliza hita ya gesi ya chumba cha kulala, hii ya tatu ndiyo pekee ninayokubali kuifunga.

Hesabu ya hewa ni vizuri uijue, kwa sababu ndiyo inayoeleza karibu kila kitu. Kilo moja ya propani, mojawapo ya gesi za mtungini, ikiungua sawasawa inahitaji hewa ya karibu mita za ujazo 13, na inaacha takriban kilo 3 za kaboni dayoksaidi na lita 1.6 za maji katika hali ya mvuke. Hita ya kilowati 4 inachoma kama gramu 300 kwa saa. Basi kila saa inameza karibu mita 4 za ujazo za hewa, na kumwaga nusu lita ya maji hewani. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.4. Ukikifunga kabisa, ndani ya saa moja moto utakuwa umetumia karibu sehemu moja ya tano ya hewa yote iliyomo. Na hapo sijawahesabu watu.

## "Inawaka vizuri, halafu inazimika yenyewe"

Hii ndiyo dalili ninayoitiwa kuliko zote, na ndiyo inayowafanya watu watupe pesa bure.

Niliitwa kwa mama mmoja aliyekuwa amebadilisha mtungi mara mbili na regyuleta mara moja, na bado hita yake ya kabati ilikuwa inazimika kila baada ya nusu saa. Nilipiga magoti mbele yake na tochi. Ule mwali mdogo wa kuwashia, tunaouita pailoti, ulikuwa wa bluu, mfupi, umeilamba vizuri ncha ya themokapo, kile kijiti cha chuma kinachogeuza joto la mwali kuwa umeme mdogo wa kuiacha vali ya gesi wazi. Tukakaa kuutazama. Baada ya dakika ishirini na kitu mwali ukaanza kurefuka na kuachana na tundu lake, ukawa unayumba. Ncha ya themokapo iliyokuwa imeiva nyekundu ikafifia, ikawa kijivu. Tiki! Vali ikajifunga. Nikafungua mlango na dirisha, tukasubiri dakika kumi, nikawasha tena na kuacha dirisha wazi upana wa vidole viwili. Nilipokwisha kufungasha vifaa vyangu ilikuwa bado inawaka.

Kilichoizima ni ulinzi wake wenyewe. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Pailoti ya hita hizi imeundwa iwe ya kwanza kuhisi upungufu: oksijeni ikishuka hadi karibu asilimia 18, mwali unanyanyuka na kuiacha themokapo, themokapo inapoa, umeme wake mdogo wa milivolti 20 au 30 unapotea, na vali inakata gesi.

Jaribio hilo hilo lifanye wewe kabla ya kununua chochote. Pitisha hewa dakika kumi, washa, acha dirisha wazi kidogo, tazama saa. Ikidumu, tatizo ni chumba. Ikizimika hata dirisha likiwa wazi, ndipo tunaitazama hita. Huenda upepo wa mlangoni unaupiga mwali moja kwa moja. Huenda tundu la hewa la pailoti limejaa vumbi au utando wa buibui. Buibui wanapenda sana vijitundu vya hita iliyokaa miezi mingi bila kuwashwa. Huenda themokapo imechoka au nati yake imelegea. Huenda sakafu imeinama na swichi ya kuanguka inadhani hita inapinduka. Na kama nyumba iko juu sana milimani, zaidi ya mita 2,000 hivi, hewa yenyewe ni nyepesi na baadhi ya hita huzimika bila kosa lolote. Hapo soma kitabu cha kifaa uone kinaruhusu urefu gani kutoka usawa wa bahari.

Kuna mafundi wanaoisogeza themokapo iingie ndani zaidi ya moto, au wanaoifunga vali kwa waya, ili "isisumbue tena". Usikubali. Mwambie aache, na umlipe nauli yake aende. Akimaliza kazi hiyo, kitu pekee kilichokuwa kinakulinda usiku kitakuwa kimenyamazishwa. Tena hata kikiwa kizima, kina mpaka wake: kinahisi upungufu wa oksijeni tu, hakipimi kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Hita chafu inaweza kutoa sumu hiyo kwenye chumba chenye oksijeni ya kutosha, na pailoti ikaendelea kuwaka bila wasiwasi.

## "Nikiachia kitufe, pailoti inakufa"

Hii si ya hewa, na ni nyepesi. Shikilia kitufe sekunde 20 hadi 30 baada ya mwali kushika, themokapo ipate moto. Baada ya kubadilisha mtungi, mpira unakuwa na hewa ndani, kwa hiyo utahitaji kujaribu mara mbili tatu, ukiacha dakika kadhaa katikati ili gesi iliyotoka iondoke. Ikigoma hata hivyo, tazama kama mwali unaifikia ncha ya themokapo. Kama unaifikia na bado inakufa, themokapo ibadilishwe. Ni kipuri cha kawaida.

## Moto wa njano, au masizi ukutani

Moto wa gesi unaoungua vizuri ni wa bluu, umetulia, umekaa kwenye kichomeo. Hita zenye vigae vya seramiki ni tofauti kidogo: huko vigae vyenyewe ndivyo vinavyoiva na kung'aa rangi ya chungwa, na hiyo ni sawa, mradi mng'ao uwe sawasawa kigae kizima. Unachokitafuta ni ndimi za njano zinazocheza mbele ya vigae, doa jeusi lisiloiva, au ufa. Hita za urembo zenye magogo ya bandia nazo zinatengenezwa kwa makusudi zitoe mwali wa njano, kwa hiyo fananisha na picha iliyo kwenye kitabu chake.

Njano ya kudumu inasema gesi haipati hewa ya kutosha pale inapochanganyika, kabla hata ya kufika kwenye moto. Mara nyingi ni vumbi, nyuzi za zulia na manyoya ya paka yaliyonyonywa hadi kwenye tundu la hewa la kichomeo. Mara nyingine ni kigae kilichopasuka. Au mtu ameunganisha gesi ya aina moja kwenye hita iliyotobolewa kwa ajili ya aina nyingine: tundu la gesi asilia ni kubwa kuliko la propani, na ukilipa propani moto unatoka mrefu, wa njano, wenye masizi tele. Kosa hilo halirekebishwi kwa kupunguza koki. Hita izimwe, fundi abadilishe sindano ya gesi, yaani kile kipande chenye tundu, au kifaa kibadilishwe chote.

Cheche za rangi ya chungwa zinazokuja na kupotea ni jambo jingine. Fagia sakafu karibu na hita na utaziona, kwa sababu vumbi linaungua likipita. Pia kile kifaa kidogo cha kupuliza ukungu wa maji, watu wanachokiweka kwa ajili ya mtoto mwenye mafua, kinarusha chumvi za maji hewani na kuugeuza moto wote kuwa wa chungwa. Kizime saa moja, ukague tena.

Masizi kwenye ukuta, kwenye dari juu ya hita, au kwenye uso wa hita yenyewe hayana maelezo mepesi. Panapotoka masizi, kaboni monoksaidi nayo inaweza kuwa inatoka. Usiyafute na kuwasha tena. Yaache yalivyo, fundi ayaone, maana mahali yalipotua panaonyesha moshi umetokea wapi.

## Madirisha yanatoka jasho, kona zinaota ukungu

Hapa dalili ni moja lakini uzito wake unategemea ile aina ya hita tuliyoanza nayo, na ndipo ninapoona watu wakipotea.

Kama hita yako haina bomba, maji kwenye vioo ni ile nusu lita kwa saa, na imefika pale ulipotarajia ifike. Haimaanishi sumu. Inamaanisha hewa haibadilishwi, na kama mvuke haupati pa kutokea, vingine vilivyotoka kwenye moto navyo havijapata. Ongeza njia ya hewa, usikaushe nguo chumba hicho hicho, na sogeza makabati kidogo kutoka kwenye kuta za nje ili hewa ipite nyuma yake.

Kama hita yako ina bomba, jasho hilo hilo ni habari mbaya. Mvuke wote ulitakiwa utoke nje pamoja na moshi. Ukiuona kwenye kioo, hasa pale tu hita inapowaka, moshi unamwagikia ndani. Zima, na uende moja kwa moja kwenye sehemu inayofuata.

## Moshi unaorudi ndani

Bomba la moshi halivuti kwa nguvu kubwa. Linategemea hewa ya moto kuwa nyepesi na kupanda, na nguvu hiyo inashindwa kirahisi. Feni ya jikoni ya kufyonza harufu inaweza kuishinda. Nyumba ikiwa imefungwa vizuri, feni inapotoa hewa, hewa ya kujaza nafasi yake lazima iingie mahali fulani, na mlango ulio wazi kuliko yote ni bomba la hita yako.

Kupima ni rahisi. Funga milango na madirisha, washa kila feni inayotoa hewa nje, washa hita na uiache dakika kumi ipate moto. Sogeza udi unaofuka moshi kwenye mdomo ambapo hewa ya chumba inaingia chini ya bomba. Moshi wa udi ukivutwa ndani na kupanda, bomba linafanya kazi. Ukisukumwa nje kuelekea usoni kwako, au ukasimama bila kujua uelekeo, halifanyi. Zima feni na ujaribu tena. Ukianza kuvutwa, umempata mkosaji.

Kama feni haihusiki, panda ukaangalie, au mtume anayeweza kupanda. Kiota cha ndege ni cha kawaida kuliko unavyodhani. Kofia ya bomba iliyopeperushwa na upepo, kutu iliyotoboa kiungo ndani ya dari, kipande kirefu kilichopita kwa mlalo bila kuinuka, mdomo wa bomba uliowekwa chini ya ukingo wa paa ambapo upepo unaurudisha moshi: haya yote nimeyakuta. Bomba lenye tundu darini ndilo linaloniogopesha kuliko mengine, kwa sababu moshi wake unaweza kushukia chumba ambacho hakina hita, na waliolala humo hawana sababu ya kuishuku.

## Kichwa kinauma, usingizi mzito, kichefuchefu

Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Gesi inayoungua bila hewa ya kutosha inaitoa, na ikiingia kwenye damu inaishikilia himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inazunguka, lakini haibebi kile mwili unachokihitaji. Mtu anachoka, kichwa kinauma, anasikia kizunguzungu, anatapika, anachanganyikiwa. Kuchanganyikiwa ndiko kubaya zaidi, kwa sababu mtu anaacha kujua kwamba anatakiwa kutoka.

Wengi huiita mafua. Kuna namna ya kutofautisha. Homa haipo. Watu kadhaa wa nyumba moja wanaugua siku moja, saa zinazofanana. Ukienda kazini unapata nafuu, ukirudi jioni kichwa kinarudi. Mbwa, paka au ndege wa ndani analegea kabla yako. Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walishuka migodini na ndege wadogo aina ya kanari kwa sababu hiyo hiyo, na desturi hiyo ilidumu hadi mwaka 1986 vipimo vya umeme viliposhika nafasi yao.

Ukishuku, toka kwanza kisha utibiwe. Ukifika hospitali sema kwa sauti: "Tulikuwa na hita ya gesi inawaka." Usingoje kuulizwa. Kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi, kwa hiyo kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini. Kinachojibu swali ni kipimo maalumu cha damu. Na usidhani kupunga upepo barazani kunamaliza kazi. Ukipumua hewa ya kawaida, mwili unachukua kati ya saa 4 na 6 kutoa nusu tu ya sumu hiyo. Kwa oksijeni ya barakoa muda unashuka hadi saa moja au moja na nusu hivi.

Kengele ya kaboni monoksaidi ndiyo pua usiyo nayo. Iweke chumba chenye hita, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye kifaa, na nyingine karibu na wanapolala watu. Gesi hii ina uzito unaokaribiana sana na wa hewa, inachanganyika chumba kizima, kwa hiyo usihangaike kuiweka chini sakafuni. Epuka tu nyuma ya pazia, juu ya hita yenyewe, au kando ya dirisha ambapo upepo utaidanganya. Zinazofuata kiwango cha Ulaya hulia ndani ya dakika 60 hadi 90 hewa ikiwa na sehemu 50 za kaboni monoksaidi kwa milioni, ndani ya dakika 10 hadi 40 kwa sehemu 100, na kabla dakika 3 hazijaisha kwa sehemu 300. Ikilia, usianze kuitoa betri ukidhani imekosea.

## Harufu

Harufu ya yai bovu au kabichi iliyooza ni ya kuongezwa. Gesi ya mtungi yenyewe hainuki, ndiyo maana inatiwa dawa ya harufu kali. Mtungi ukikaribia kuisha harufu inaweza kuzidi, kwa sababu dawa hiyo inachelewa kupanda na inabaki chini ikiwa nzito. Lakini usiwe mwepesi wa kujituliza kwa maelezo hayo. Paka maji ya sabuni kwenye koki, regyuleta, mpira wote na viungo vyake, gesi ikiwa imefunguliwa na hita imezimwa. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti, hata nje ya nyumba. Mpira uliokakamaa, uliopasuka ukiupinda, au uliopitwa na tarehe iliyochapwa ubavuni, utoe.

Propani ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa, na butani, gesi nyingine ya mtungini, karibu mara mbili. Ikivuja inashuka na kutambaa sakafuni, inakaa kwenye mashimo na vyumba vya chini ya ardhi. Kwa hiyo mtungi hauhifadhiwi huko. Gesi asilia ya bomba ni nyepesi, yenyewe hupanda.

Kuna harufu nyingine, ya kuwasha koo na macho, ambayo si ya gesi kuvuja. Rangi mpya ya ukuta, vanishi, dawa ya wadudu ya kupuliza, dawa ya nywele: mvuke wake ukipita kwenye moto unavunjika na kuwa kitu kikali zaidi. Hita isiyo na bomba haiwashwi chumba kilichopakwa rangi wiki hiyo.

## Moto dhaifu na mtungi wenye barafu

Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na kugeuka hewa kunahitaji joto. Butani inakaribia kuacha kugeuka hewa nyuzi sifuri, lakini propani inaendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wa butani kwenye chumba cha baridi kali utakupa moto wa kusinzia, na si kosa la hita. Usiumwagie maji ya moto wala kuugeuzia uso wa hita. Ulete mahali penye joto la kawaida ungoje, au utumie propani pamoja na regyuleta yake, kwa sababu regyuleta hizi haziazimani: mara nyingi butani hutumia shinikizo la milibari 28 hadi 30, propani 37.

## Mahali pa kuiweka

Mbele ya hita paachwe angalau mita 1 wazi, na zaidi kama kitabu chake kinasema hivyo. Wengi wanalijua hili. Wanachosahau ni kwamba vitu vinasogea. Pazia liko mbali dirisha likiwa limefungwa. Lifungue kwa ajili ya hewa, kama ninavyokuomba, na upepo unalileta hadi kwenye moto. Kwa hiyo lifunge kwa kamba, au fungua dirisha jingine. Blanketi kwenye mkono wa kochi linateleza. Mtoto anavuta kiti karibu. Ninapochagua mahali najiuliza kila kitu kinaweza kufika wapi, halafu ndipo napima mita yangu.

Mgongo wa hita uelekee ukutani, uso utazame katikati ya chumba, sakafu iwe tambarare na ngumu. Isikae njiani watu wanapopita kwenda mlangoni, maana huo ndio mlango mtakaoukimbilia. Usiisogeze ikiwa inawaka. Usianike soksi juu yake, hata kwa dakika mbili. Bafuni haiingii, na chumba cha kulala haiingii ila ile ya aina ya tatu. Kwa hita isiyo na bomba nina sharti moja zaidi: mtu wa mwisho kwenda kulala ndiye anayeizima, na anaifunga koki ya mtungi, si kitufe cha mbele peke yake.

Hewa inahitaji njia mbili, moja chini na moja juu. Ya chini inaingiza hewa safi na, kwa gesi ya mtungi, inatoa kilichovuja, kwa hiyo ikae karibu kabisa na sakafu. Ya juu inatoa mvuke na moshi. Ukubwa wake unatajwa kwenye kitabu cha hita, na huo ndio wa kufuata. Kwa makadirio ya haraka, kanuni za Marekani huanzia mita za ujazo 4.8 za chumba kwa kila kilowati, yaani hita ya kilowati 4 inataka chumba cha zaidi ya mita 19 za ujazo. Ila kipimo hicho ni cha chumba kinachopenyeza hewa kwa kawaida yake. Nyumba mpya yenye madirisha yaliyozibwa kwa mpira haihesabiki hivyo, itoboe tundu.

Najua swali linalokuja, naulizwa kila mara: "Fundi, niwashe hita halafu nifungue dirisha, joto si linatoka?" Ndiyo, kidogo linatoka. Ufa wa vidole viwili unakupotezea sehemu ya joto, na unakupa hewa ya kuungulia na ya kupumulia. Kama chumba hakipati joto la kutosha ufa ukiwa wazi, hita ni ndogo kwa chumba hicho, au chumba kinavuja joto darini. Hayo yana tiba yake, na si kuziba tundu.

Jiko la kupikia lisitumike kama hita. Vichomeo vyake vimepimwa kwa sufuria na kwa dakika, si kwa kuwaka usiku mzima, na majiko mengi hayana pailoti ya kuhisi oksijeni. Oveni iliyoachwa mlango wazi ni mbaya vile vile.

## Siku ya kwanza ya kuwasha

Hita iliyokaa kimya miezi mingi isiwashwe usiku ikiwa baridi imeshawashika. Chagua mchana. Ipulize vumbi nje ya nyumba, paka maji ya sabuni kwenye viungo, fungua madirisha, iwashe na ukae nayo saa nzima. Harufu ya vumbi kuungua itakuja na inapaswa kuisha ndani ya dakika chache, isipoisha, zima. Wakati unasubiri, bonyeza kitufe cha kujaribu kengele ya kaboni monoksaidi, kisha igeuze usome tarehe iliyo mgongoni. Nyingi zinaishi kati ya miaka 5 na 10, na kitambuzi kilichokufa bado kinaweza kulia ukibonyeza kitufe, kwa sababu kwenye nyingi kitufe kinapima betri na spika tu. Kama tarehe imepita, hita ingoje mpaka kengele mpya iwe ukutani.